Njia za kupanda milima juu ya Victoria, Shelisheli: ipi inalipa na ipi ina sifa za bure

Wakuu habari zenu. Naona watu wengi wakienda Shelisheli wanarudi na picha za bichi tu, mchanga mweupe, yale mawe makubwa ya La Digue, glasi ya juisi yenye kamwavuli juu, basi imeisha hiyo. Sio mbaya, bichi zao ni nzuri kweli, ila sisi watu wa pwani bichi tunazo toka Lamu mpaka Mtwara, na kupanda ndege kwenda kuangalia maji ya bluu wakati Paje iko pale mi naona ni hasara. Kitu ambacho pwani yetu haina ni mlima unaoanzia baharini kabisa ukapanda mpaka kwenye mawingu, halafu mji mkuu umekaa hapo hapo chini yake. Kwahiyo haya ni maoni yangu kuhusu njia za kutembea na kupanda zilizo karibu na Victoria, kisiwa cha Mahé, zote ninazozitaja nimezipita kwa miguu yangu na nitasema wazi ipi nzuri na ipi unaweza kuiruka ukalala zako hotelini.

Kwanza muelewe pale palivyokaa. Mahé ni kisiwa chembamba, urefu kama kilomita 28 na upana haufiki hata kilomita 10 sehemu yoyote, sasa katikati ya huo wembamba wamepandishiwa Morne Seychellois yenye mita 905. Yaani ukisimama pale kwenye ule mnara wa saa wa Victoria, ule mdogo wa mwaka 1903 ambao kila mtu anapiga nao picha, ukiinua shingo unaona ukuta wa mwamba umekuinamia. Hakuna haja ya safari ya siku nzima kufika mlimani, mlima uko nyuma ya soko. Eneo lote hilo la juu ni hifadhi ya taifa ya Morne Seychellois toka 1979 na imechukua zaidi ya moja ya tano ya kisiwa kizima, ndio maana bado kuna msitu badala ya majumba ya kifahari mpaka kileleni.

Siri ya njia zote hizi, isipokuwa moja, ni barabara inaitwa Sans Souci. Inatoka Victoria, inapanda kwa kona za kukata roho, inavuka mgongo wa kisiwa na kushukia upande wa pili Port Glaud. Copolia iko kwenye hiyo barabara, Trois Frères ipo hapo, magofu ya Mission yapo hapo, Morne Blanc ipo hapo. Ukishajua hilo huhitaji wakala wala kifurushi cha utalii cha kukutoza pesa ya ajabu eti wakupeleke "adventure", unapanda tu basi la Victoria kwenda Port Glaud linalopita Sans Souci na kumwambia dereva unashuka wapi. Ila mabasi ya njia hiyo sio mengi, ulizia ratiba stendi kabla hujaenda, na Jumapili usitegemee kabisa. Wenye kukodi gari, wanaendesha kushoto kama kwetu, tatizo ni kwamba barabara ni nyembamba na pembeni kuna mitaro mirefu ya maji bila kizuizi chochote, ukipishana na basi kwenye kona unajikuta unasali sala zote unazozijua. Na maegesho kwenye mianzo ya njia ni madogo, ukichelewa unapaki mbali unaanza kupanda hata kabla ya kupanda kwenyewe.

Haya tuanze na Copolia maana ndio kila mtu anaiulizia. Ni maarufu kuliko zote na sababu ziko wazi, kwenda ni chini ya kilomita mbili, mtu wa kawaida anatumia kama dakika 45 mpaka saa nzima kupanda, na kwa sababu barabara imeshakupandisha sehemu kubwa ya mlima wewe unamalizia tu kufika kwenye mita kama 500. Kuna kiingilio kwa wageni, beba rupia mkononi na ulizie bei ya wakati huo maana inabadilika. Mwanzo wa njia unakudanganya, kivuli tupu, ardhi laini, unajiona shujaa, baadaye inaanza mizizi na mawe na magoti yanaanza kuongea.

Kitu kitakachokushangaza mtu wa Unguja au Tanga ni harufu. Msitu wote huo umejaa mdalasini! Sio shamba, ni mdalasini wa porini, mkubwa, kila mahali, ukikanyaga jani au ukishika tawi ili usiteleze mkono unanukia pilau. Wafaransa ndio waliuleta miaka ya 1770 kwenye bustani yao ya viungo, ndege wakala matunda yake wakaenda kuzipanda mbegu mlima mzima, na leo mdalasini ndio mti unaouona zaidi kwenye misitu ya Mahé. Kwa watu wa uhifadhi ni kero kubwa kwa sababu unaibana miti ya asili ambayo haipo kwingine duniani, kwa mimi mpita njia, aisee, sijawahi kupanda mlima unaonukia vile.

Ukifika juu msitu unakatika ghafla unatokea kwenye uwanda wa mwamba mtupu, wenyewe wanauita glasi. Hapo ndio malipo yenyewe. Victoria yote iko chini yako, bandari, Eden Island ambayo ni kisiwa cha kutengeneza, ile mitambo minane ya umeme wa upepo, halafu mbele visiwa vya Sainte Anne na Cerf na maji yanayobadilika rangi kuzunguka matumbawe, hiyo sehemu ni hifadhi ya bahari toka 1973. Picha za hapo hazihitaji kuhaririwa. Lakini nawaomba msiishie kwenye selfi, angalieni chini kwenye miguu yenu pembeni pembeni ya mwamba kuna mmea wenye vikombe, Nepenthes pervillei kwa jina la kitaalamu, unakula wadudu, mdudu anateleza ndani anazama kwenye maji anayeyushwa taratibu. Mmea huo unapatikana Mahé na kisiwa jirani cha Silhouette tu, dunia nzima. Niliona watu wameukalia. WAMEUKALIA. Mtu anapozi na mgongo ameupa mandhari na makalio yako juu ya mmea ambao haupo kwingine popote. Msiwe hao.

Hasara ya Copolia ni hiyo hiyo, watu. Kuanzia saa tatu asubuhi inakuwa foleni, mnapishana kwenye mizizi mmoja anashuka kwa makalio mwingine anapanda na spika ya bluetooth inapiga muziki. Na ule mwamba wa juu hauna kivuli hata cha kuficha simu, saa sita mchana ni kikaango. Nenda ukiwa pale mwanzo saa moja asubuhi, utaikuta yako peke yako au na ndege tu. Nikiipa alama naipa 8 kati ya 10, ukienda mchana wa jua kali shusha mpaka 6.

Sasa ile ninayoipenda mimi kuliko zote ni Morne Blanc, na sielewi kwanini haisemwi sana. Inaanzia karibu na kiwanda cha chai, ndio, wana mashamba ya chai huko juu, ukitokea Victoria mwanzo wa njia unaupata kabla kidogo ya kiwanda. Kilele ni mita 667. Njia yenyewe ni fupi kuliko Copolia lakini usifurahi, ni fupi kwa sababu imesimama wima, karibu saa nzima unapanda tu hakuna tambarare ya kupumzikia. Ukitoka kwenye chai na mdalasini unaingia msitu wa ukungu, hali ya hewa inabadilika kabisa, baridi kidogo, mashina yamevaa kijani, maji yanadondoka hata kama haijanyesha. Kimya kizuri sana.

Na kwenye hicho kimya sikilizeni. Kuna mlio mwembamba mkali wa "tii", unaweza ukadhani ni kriketi au ndege, ni chura. Yuko mmoja ambaye mkubwa wake ni kama milimita 11 tu, anakaa vizuri kwenye ukucha wako wa kidole gumba, mmoja wa vyura wadogo kabisa duniani. Huyu hana sikio la kati, kwa miaka watu waliamini ni kiziwi halafu anapiga kelele, mwaka 2013 watafiti wakaonyesha anasikia kwa kutumia mdomo, sauti inavumia ndani ya kinywa chake ndio inafika ndani. Mimi nilikaa pale nachungulia majani makavu mpaka shingo ikauma na kumuona sikumuona, kumsikia nilimsikia sana. Muongozaji mmoja niliyekutana naye akishuka na wageni aliniambia mvua ikikatika tu ndio wanapiga kelele zaidi, na kweli.

Hao vyura wana habari nyingine ninayoipenda. Ndugu yao wa karibu hayuko Afrika, hayuko Madagaska, yuko kwenye milima ya kusini mwa India, chura fulani wa zambarau anayeishi chini ya udongo na kutambuliwa kisayansi 2003. Sababu ni kwamba Mahé sio kisiwa cha volkano wala cha matumbawe kama vingine vya katikati ya bahari, ni kipande cha bara, graniti yenye umri wa miaka kama milioni 750, India ilipokuwa inakimbilia Asia ikakiacha nyuma baharini na vyura wake juu. Hiyo graniti ndio unayoikanyaga muda wote huo. Ikiwa kavu inashika raba vizuri mno, ikilowa na ikaota ule utando wa kijani hakuna raba ya bei yoyote itakayokusaidia.

Juu ya Morne Blanc unasimama ukingoni mwa jabali na pwani yote ya magharibi iko miguuni, Port Glaud, Port Launay, kisiwa cha Thérèse, kisiwa cha Conception, na ndege weupe wenye mikia mirefu wanaruka CHINI yako. Mtu mwenye kuogopa urefu abaki nyuma kidogo, sio utani, na mwenye watoto wadogo awashike mkono. Tatizo la hapa ni ukungu, unaweza kupanda saa nzima ukafika juu ukaona pamba tupu. Kama wingu limekaa kileleni subiri, mara nyingi linapasuka kwa dakika chache halafu linafunga tena, kuwa na simu tayari. 9 kati ya 10 na ile moja nimeikata kwa sababu ya matope ya kushukia.

Katikati ya Copolia na Morne Blanc, barabara hiyo hiyo, kuna Mission. Kama njia ya kutembea hii sio kitu, dakika chache tu kutoka barabarani kwenye njia yenye miti mikubwa mizee pande zote mbili, hutoi hata jasho. Ila kwa msomaji wa Kiswahili mimi naona ndio sehemu nzito kuliko zote kwenye mlima huo, na ajabu ni kwamba wenzetu wengi wanapita hapo na gari bila kusimama.

Iko hivi. Kuanzia 1861 manowari za Waingereza zilizokuwa zinavizia majahazi ya watumwa kwenye pwani yetu zilikuwa zinashusha Mahé watu waliokamatwa humo majahazini. Zaidi ya watu elfu mbili waliletwa hivyo, asili zao bara hii hii, Msumbiji, Tanganyika, kuzunguka Ziwa Nyasa. Hawakurudishwa kwao, wengi waliishia kufanya kazi kwenye mashamba ya minazi ya watu. Mwaka 1876 wamisionari wa Church Missionary Society wakajenga shule huku juu kwa ajili ya watoto wao, wakaiita Venn's Town, watoto wanasoma na kulima vanila na kakao, mpaka ikafungwa 1889. Kumbukeni soko la watumwa la Unguja limefungwa 1873, kwahiyo haya mambo ni ya wakati mmoja, ni upande wa pili wa hadithi ile ile tunayoisikia Mkunazini.

Kilichobaki ni misingi ya mawe na kuta fupi msitu umezimeza nusu, vibao vichache vya maelezo, na mbele kabisa kibanda cha kuangalizia mandhari ambapo Malkia Elizabeth alikunywa chai alipokuja kufungua uwanja wa ndege 1972. Watalii wengi wanaenda moja kwa moja kwenye hicho kibanda wanapiga picha wanaondoka, mandhari ni ya kweli nzuri, mabonde ya kijani mpaka baharini. Mi nawashauri mgeuze, anzeni na mawe. Ukikaa pale unajiuliza hao watoto walikuwa wanaongea lugha gani usiku baada ya mwalimu kuondoka. Wazee fulani kwenye kituo cha basi waliponisikia naongea Kiswahili na simu mmoja akacheka akasema bibi yake mzaa bibi alikuwa "Mozanbik", ndio kumbukumbu pekee iliyobaki kwenye ukoo, jina la upande wa bahari walikotokea.

Na kwa wapenda historia, Shelisheli ilikuwa jela ya wafalme wetu pia. Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walipelekwa huko baada ya kukamatwa 1899, Mwanga akafia huko huko 1903, Prempeh, mfalme wa Asante kule Ghana, alikaa mpaka 1924, na Khalid bin Barghash aliyepigana ile vita ya dakika arobaini Unguja naye alipitishwa huko kabla ya kuja kumalizia maisha Mombasa. Hilo halihusiani na kupanda mlima, ila ukiwa umekaa juu unaangalia bahari haina mwisho pande zote unaelewa kwanini Waingereza walipachagua. Mission siipi alama, nendeni tu.

Trois Frères nitaisema kwa kifupi. Ndio ule ukuta unaouona ukiwa mjini, mita 699, njia inaanzia kwenye kituo cha misitu Sans Souci. Ni ndefu zaidi, ngumu zaidi, karibu saa mbili kupanda kwa mtu asiye na mazoezi, na kuna sehemu za juu unatumia mikono. Mandhari ni ya Victoria kwa karibu zaidi kuliko Copolia, lakini tofauti yake kwa jasho utakalomwaga mimi sikuiona. Kama unafanya mazoezi ya Kilimanjaro au Meru ipande, miguu itakushukuru. Kama uko fungate na mkeo amevaa sandozi, jamani, Copolia inatosha. 6.5.

Halafu sasa Anse Major, hii ndio niliyosema ina sifa za bure. Haipo Sans Souci, iko upande wa kaskazini magharibi, unachukua basi la Bel Ombre kupitia Beau Vallon mpaka mwisho wa barabara Danzil, halafu unatembea kando ya bahari kama saa nzima mpaka kwenye kifukwe kidogo ambacho hakina barabara. Kila mtandao utakwambia ni lazima uende. Kifukwe ni kizuri ndio, na njia haina mlima mkali, hata mtoto wa miaka minane anaimudu. Ila sehemu kubwa ya njia inapita kwenye glasi tupu, jua linapiga juu, mwamba unarudisha joto chini, unaoka pande zote mbili, na hamna mtu anauza hata maji. Nimeona wageni wekundu kama... basi niishie hapo. Halafu unafika kwenye kifukwe chako "cha siri" unakuta boti zimeshusha watu kumi na tano na spika.

Na bahari ya pale inategemea upepo. Hapa watu wa pwani mnanisoma vizuri, pepo zao ni hizi hizi zetu, kaskazi na kusi, ila kwao kaskazi ndio inaleta mvua kubwa, kuanzia Desemba mpaka Februari mwanzoni mlima unaweza kufunikwa wiki nzima, Januari ndio balaa. Kaskazi hiyo hiyo inapiga moja kwa moja upande wa Anse Major kwahiyo mawimbi yanakuwa makubwa na kuogelea ni kujitakia makuu. Kusi, toka Mei mpaka Septemba hivi, kumekauka zaidi, upande huo maji yametulia, na mlimani kuna upepo wa kukupooza. Kama unachagua tarehe chagua kusi. Anse Major wakati wa kusi, umeondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, naipa 7. Mchana wa kaskazi siipi kitu. Ujanja mmoja, nenda kwa miguu asubuhi na kurudi panda boti, ongea bei na wenye boti kabla hujapanda.

Vifaa msijisumbue sana. Viatu vya mlima vya laki kadhaa sio lazima, raba yenye meno mazuri chini inatosha, ila kandambili na yale malapa ya hoteli acha hotelini, niliona dada mmoja anashuka Copolia pekupeku na malapa mkononi, alikuwa anatia huruma. Maji lita moja na nusu kwa mtu kwa njia yoyote kati ya hizi, Anse Major beba mbili. Usinywe maji ya vijito hata kama yanaonekana masafi, na kama una kidonda mguuni kifunge vizuri, ile homa ya mgunda iliyotuamsha Lindi 2022 kwao ipo sana, panya wanaieneza kwenye maji na matope. Malaria hawana, hiyo ni raha yake, ingawa mbu wapo na dengue hutokea. Cheti cha homa ya manjano kiwe kwenye begi, sisi tunaotoka huku tunaulizwa.

Wanyama wa kutisha hakuna, nyoka wenye sumu hawana kabisa. Kuna buibui wakubwa kiganja kizima wametandaza nyavu juu ya njia, hawana neno, inama upite. Wa kuogopa ni nyigu wa njano wanaojenga chini ya majani usawa wa kiuno, ndio maana nasema usishike shike matawi hovyo ukiwa unateleza, hata kama yananukia pilau. Na tandu wapo chini ya mawe, kwahiyo ukikaa angalia.

Muongozaji ni lazima? Copolia, Mission na Anse Major hapana, njia zinaonekana. Morne Blanc na Trois Frères kukiwa na ukungu mzito mimi ningechukua mtu, na sio kwa kupotea tu, wao wanakuonyesha vitu ambavyo peke yako unavipita, kinyonga mdogo kwenye jani, mti wa asili mmoja katikati ya mdalasini mia. Mkubaliane mapema bei ni ya mtu au ya kundi zima, hapo ndio watu wanakorofishana. Mtandao wa simu juu unapatikana sehemu nyingi ila mabondeni unakatika, pakua ramani kabisa ukiwa na waifai.

Mwenye siku moja tu kisiwani afanye hivi, basi la kwanza la asubuhi Sans Souci, shuka kiwanda cha chai, panda Morne Blanc kabla wingu halijakaa, shuka, tembea au dandia lifti mpaka Mission, ule chipsi zako za tunda la shelisheli pale kwenye mawe, halafu rudi mjini kwa basi la mchana. Mwenye siku mbili aongeze Copolia ya alfajiri. Na popote mtakapokuwa kuweni mmeshatoka msituni ifikapo saa kumi na moja jioni, jua linazama kama saa kumi na mbili na robo hivi mwaka mzima, chini ya miti giza linaingia mapema kuliko hapo, na barabara ya Sans Souci usiku kwa miguu hata taa za barabarani ni za kuhesabu. Mwenye swali la basi au la viatu aulize hapo chini, la hoteli sijui mimi nilifikia kwa jamaa.